Daftari la Timu ya Bakeri

Mwanzo wetu ulikuwa ugomvi.
Vijana wa Gadeni walifukuzwa timu ya mtaa wa pili
kwa kuchelewa mazoezi. Wakachelewa hata kuondoka.
Wakakaa barazani kwa Shekuwe Lali, wakaanza yao.
Ukurasa wa kwanza, mwaka sabini na sita, kwa penseli:
Mpira, mmoja. Pampu, ya kuazima.
Mwenyekiti, Shekuwe. Golikipa, Shekuwe.
Mweka hazina hakuna, kwa kuwa hazina hakuna.

Mimi niliingia kwa tundu la sindano.
Nilikuwa na cherehani Langoni, na mguu mmoja mfupi.
Sijacheza hata dakika moja,
ila kaptula zilichanika, na mwenye kuzishona ndiye ajuaye
nani kaanguka, nani kasukumwa, nani kajiangusha.
Wakasema: Ba Famau, katibu ni wewe.

Kiwanja kilikuwa upande wa Wiyoni, mchanga mtupu,
kimeinama kidogo kuelekea kibla.
Punda walikuwa na haki yao ya kupita
na hakuna refa aliyethubutu kumwonyesha punda kadi.
Bao la kwanza katika historia yetu
liligonga ubavu wa punda wa Twalib, likaingia.
Limeandikwa: Mfungaji, Athmani. Msaidizi, punda.

Jezi, sasa.
Mwaka themanini na tatu Mholanzi mmoja, fundi wa mabomba,
alitutazama tukifungwa saba bila,
akasikitika kwa lugha yake, akarudi kwao.
Mwaka ukapita, likaja furushi:
jezi za rangi ya chungwa, kuukuu, zanukia sabuni ya ugenini,
za timu ndogo ya kijijini kwake.
Kifuani zimeandikwa jina la mwoka mikate.
Neno la kwanza tulilikisia, mengine yakatushinda.
Tangu siku ile mji mzima watuita Bakeri,
nasi hatujaoka hata mofa moja.

Kwa barua zilikuwa kumi na moja. Kwa kuhesabu, kumi.
Saba haikuwemo.

Niliandika kuuliza. Haikuwa tamaa, ilikuwa hesabu.
Jibu lilichukua miezi kumi na minne,
kutoka kwa katibu mwenzangu, mwanamke,
mwandiko wake umelala kama nyasi za upepo.
Kiwanja chao, asema, kiko chini kuliko bahari.
Hilo hatukuliamini.
Kondoo hula penye kona. Wakati wa vita
milingoti ya goli iliota moto jikoni mwa watu.
Wameshuka daraja mara nne,
na la tano halipo, ndiyo maana wangali wapo.
Na saba? Saba alikuwa winga wa kulia, muuza maziwa.
Walimzika nayo.

Baraza likanyamaza.
Kisha Shekuwe: "Basi. Hiyo si deni tena."

Nikashona saba kwa pazia la mke wangu.
Rangi ilikaribia tu. Aliyeivaa alionekana toka mbali,
papai katikati ya machungwa.

Kombe tunalo moja, la tisini na moja.
Fainali sare, giza limeingia, refa akarusha shilingi,
shilingi ikazama mchangani. Tukaitafuta kwa tochi.
Ilipopatikana, upande wa juu ulikuwa wetu:
ndivyo alivyosema aliyeiona kwanza,
na aliyeiona kwanza ni Athmani.
Kombe lenyewe birika. Liko kwangu. Halivuji.

Kiwanja kimekwenda. Hati ilitokea, kisha ukuta,
kisha lango la chuma lenye kufuli mbili.
Jina la mnunuzi sikuliandika; wino una heshima yake.
Twacheza uwanja wa shule, wakituruhusu,
na wajukuu wa Shekuwe, yeye hayupo tena,
wapiga kelele zile zile: Pija! Pija, mwana!

Jana mmoja wao kaniletea saba, imechanika kwapani.
Uzi wa chungwa umekwisha, nimetia mweusi.
Nikaandika: Uzi, shilingi thelathini.
Haijalipwa.